Vipande Chini ya Kihenge

Ulikuwa mwaka wa michembe. Mwaka kama ule hauhitaji kalenda. Mahindi yalitoa ndevu tu, punje hayakutoa, mtama ukamalizwa na ndege, na kila nyumba kuanzia Tinde mpaka huku kwetu ndani ikarudi kwenye viazi tulivyovikata na kuvianika mwaka uliotangulia. Asubuhi michembe na chai ya rangi. Mchana michembe ya karanga, kwa mwenye karanga. Jioni michembe tena, na ukilala tumbo linanguruma kama debe lenye kokoto. Watoto wakitoka shule hawakuulizana kwenu mmekula nini, maana jibu lilikuwa moja na kila mmoja alikuwa akilinuka mdomoni.

Na ndio mwaka huohuo, katikati ya michembe, nilipowekewa dari ya jipsamu.

Nisifiche, nilijivuna. Kitinda mimba wangu anachimba dhahabu upande wa Geita, huko mbele ya Buseresere, na mwaka ule duara lao, lile shimo wanalochimba, lilitema. Wenzake wakipata hununua pikipiki wakaenda kugongana nazo. Wangu alimkumbuka mama yake aliyelala miaka yote chini ya bati tupu, jua likiwaka linamchoma, mvua ikinyesha hasikii hata sala yake mwenyewe. Nililisema hilo kisimani, nikalisema kanisani, nikalisema kwa watu ambao hawakuniuliza. Majirani wakanitania.

"Bibi anatafuna michembe chini ya jipsamu kama mke wa waziri!"

"Njooni mtafunie humo," nikawajibu, "mjue ubaridi wake."

Fundi alitoka Geita mjini, mwembamba, penseli sikioni, maneno mengi. Alipopima chumba cha kwanza alisimama katikati akajikuna kichwa.

"Bibi, nyumba yako haina kona."

"Zipo nne. Hesabu."

"Zipo, lakini kila moja inaenda kwao. Nani alijenga?"

"Marehemu mume wangu. Alipima kwa jicho."

"Basi jicho lake moja lilikuwa linaangalia Nzega."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ni kweli marehemu alikuwa na kengeza, na fundi yule hakuwahi hata kuiona picha yake.

Kwa sababu ya kona hizo, jipsamu ilikatwa sana. Bodi inaingia nzima, inapimwa, inachanjwa kwa kisu, inavunjwa juu ya goti, na kinachobaki kinatupwa uani. Vipande vya pembe tatu, vipande virefu kama rula, vingine sawasawa na slesi ya mkate. Ndani nyeupe pee, nje karatasi pande zote mbili. Walipopiga msasa vumbi lake lilituvaa wote, likaniingia machoni, macho yakawa mekundu, nikajifungia chumbani mpaka yakatulia. Huku kwetu vikongwe wameshakatwa mapanga wakiitwa wachawi, kwa macho mekundu ya moshi wa kuni tu. Sikutaka mtu anione.

Kazi ilipokwisha nilimwuliza fundi kuhusu ule mrundo uani.

"Hivi vyako navifanyaje?"

"Chimba shimo ufukie, Bibi, mbali na kisima. Usichome, moshi wake si mzuri. Mvua isivikute juu, vitaoza karatasi vinuke. Na mbuzi wasile."

Alisema mbuzi. Habari ya watu hakuisema, na nani angefikiria kuisema?

Nilichukua jembe siku ileile. Ardhi ya mwaka ule, jembe lilidunda kama nimepiga reli, likanirudi mpaka begani. Nikaona shimo lisubiri mvua. Nikavipanga vile vipande chini ya kihenge, ambacho mwaka ule hakikuwa na nafaka ya kulinda, nikafunika na turubai kuukuu, nikaweka mawe. Vilikaa vizuri. Anayepita alifikiri nimehifadhi chakula.

Sasa nije kwa mkwe wangu. Mke wa huyuhuyu mwanangu wa dhahabu. Aliletwa kwangu akiwa na mimba, na kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka mbili, zote kulekule machimboni, kwenye vumbi na makelele na zebaki wanayochoma ndani ya nyumba wanamolala. Mwanangu alimfikisha mpaka mlangoni, akaweka sanduku chini, akaniambia, "Mama, hii ikitoka na hii, sijui." Hakumaliza. Mwanaume mzima, mabega kama mlango, akageuka akaangalia mbuzi ili nisimwone uso.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshika tumbo la mtu mwingine mikononi mwangu. Ndivyo nilivyojiona. Nikitembea natembea kama niliyebeba mtungi uliojaa.

Ni mtoto mwenye adabu. Asubuhi anapiga magoti, shikamoo mama, marahaba mwanangu, anainuka anafagia. Hasemi sana. Kliniki wakampima, wakasema damu yake kidogo, ale mboga, anywe vidonge, na asile pemba kabisa. Pemba ni ule udongo mweupe wanaokula wajawazito, unauzwa sokoni umeviringwa kama mayai. Wengi wetu tuliutafuna ujanani. Lakini nesi alisema unamaliza damu, na mimi mtu akiniambia jambo kuhusu tumbo lile sibishani. Nilimfuata jirani yangu anayeuza pemba mnadani, mama mnene mwenye sauti ya kuku aliyetaga.

"Jirani, beseni lako lisipite uani kwangu mpaka mkwe wangu ajifungue."

"Bibi! Utamzuia mjamzito pemba? Si utazuia na mkojo?"

"Mkojo namruhusu. Beseni lipite nyuma ya zizi."

Akapita nyuma ya zizi, anacheka. Mwanangu naye akapiga simu kutoka machimboni akamkataza mkewe. Nikaona nimeziba kila tundu.

Kisha ikaja ile rasharasha ya kutudanganya. Ilinyesha muda wa kuanua nguo tu, ikakata, jua likarudi na hasira zaidi. Upepo wake ulikuwa umeinua ncha ya turubai. Niliirudisha, nikasahau.

Baada ya muda nilikwenda chini ya kihenge kutafuta kipande cha kuzibia tundu la banda la kuku. Nikafunua. Vipande vya juu vilikuwa vimeliwa pembeni.

Nikasema panya. Nikachuchumaa. Meno ya panya nayajua, ni mistari miwili myembamba kama imekwaruzwa na sindano. Haya yalikuwa mapana. Nikasema mbuzi. Lakini mbuzi huanza na karatasi, ndiyo anayoipenda, na hapa karatasi haikuliwa. Ilikuwa imemenywa. Nakwambia imemenywa, kama mtu anavyomenya ndizi, halafu ikakunjwa vizuri ikachomekwa chini ya jiwe.

Panya hakunji karatasi.

Nilikaa palepale nimeshika kile kipande, nikaweka kidole changu kwenye alama ya meno, nikaona ni mdomo mdogo. Kulikuwa na midomo miwili tu katika nyumba ile, na mmoja ni wangu, nao hauna meno ya mbele.

Nilimkuta jikoni amepiga magoti anapuliza moto.

"Fungua mdomo."

"Mama?"

"Fungua mdomo nione."

Akafungua. Ulimi mweupe kama kuta za zahanati.

"Umekula nini?"

"Sijala udongo, mama."

"Sijakuuliza usichokula."

Akaanza kulia bila sauti, machozi yanadondokea mafiga. "Nesi alikataza pemba, na nyie mkakataza pemba, na mwanao akakataza kwenye simu. Sijagusa pemba mama, naapa."

"Na hiyo nyeupe?"

"Hiyo siyo udongo. Ni dari."

Mungu anisamehe, kicheko kilinifika kooni. Kilifika kikakutana na woga kikarudi. Nikamwuliza tangu lini, akasema tangu ile rasharasha. Alikuwa anaanua nguo, harufu ikamjia kutoka chini ya kihenge.

"Ilinukia kama njia ya vumbi ikinyeshewa, mama. Siku ya kwanza nilinusa tu. Nikalamba. Basi, ikanishinda."

"Ungeniambia una hamu ya kitu! Ningekutafutia hata ndimu, hata samaki, ningekwenda mwenyewe mpaka ziwani!"

Akainamisha kichwa. "Ningeombaje chakula kwa mama mkwe? Na mwaka wenyewe huu?"

Mimi mwenyewe nilipoolewa hapa sikuomba hata chumvi. Ndivyo tunavyowalea, na ndivyo ninavyomsifia kwa watu, eti mkwe wangu hana tamaa.

"Tumbo linauma?"

"Limefunga."

"Tangu lini?"

"Zamani kidogo."

"Na mtoto?"

Akaweka mkono tumboni. "Jana alicheza," akasema. "Leo bado."

Nilitoka nje na simu. Nilimpigia mwanangu kwanza. Hapatikani. Akiwa chini kwenye shimo simu haifiki, yumo ndani ya huohuo udongo anaomkataza mkewe. Nikampigia fundi.

"Fundi, ile jipsamu ina nini ndani?"

"Kwani imepasuka, Bibi?"

"Haijapasuka. Imeliwa."

"Mchwa hao!"

"Siyo mchwa. Mkwe wangu. Mjamzito."

Alicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika, nikasikia msumeno wa huko aliko unaendelea bila yeye. "Bibi," akasema taratibu, "mle kuna unga wa jiwe, kuna gundi, na dawa zao sizijui. Na zile bodi nyingine wanatia nyuzi za kioo zishikane."

"Kioo? Kioo cha dirisha?"

"Nyuzi laini kama nywele, Bibi, lakini ni kioo. Zile zako sijui kama zilikuwa nazo au hazikuwa nazo. Mpeleke hospitali, usikae hapo unaongea na mimi."

Kioo. Nilimwangalia yule mtoto amesimama mlangoni ameshika nyonga, nikaona ndani ya tumbo lake mjukuu wangu ameviringana, na kando yake nywele za kioo zinaelea. Sijawahi kuona picha mbaya kuliko ile, na ilikuwa ya kichwani mwangu tu. Nikafunga kipande kimoja kwenye ncha ya kanga ili wasije wakadai nasema uongo. Tukapanda bajaji. Njia nzima sikumwuliza kitu. Niliogopa jibu. Kila shimo barabarani nilitanguliza mkono wangu chini ya tumbo lake kana kwamba ningelidaka.

Hospitali nesi aliyetupokea alikuwa mtu mzima, miwani puani, hana haraka ya uongo.

"Huyu amekula nini, Bibi?"

Nikafungua kanga, nikaweka kipande mezani.

"Hiki nini?"

"Dari."

Nesi akaangalia kile kipande, akaangalia mkwe wangu, halafu akainua uso akaangalia juu. Na mimi nikaangalia juu. Jipsamu! Chumba kizima, nyeupe, safi, imepigwa na urembo pembeni. Nikageuka kumtazama mkwe wangu. Naye alikuwa anaangalia juu, na pale na maumivu yake yote, nikamwona anameza mate.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kabla ya hapo niliogopa kilichokwisha kuingia. Sasa nikaogopa kwamba mlango bado uko wazi.

Walimlaza. Nesi akaweka kile kibomba chake tumboni, akatega sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Uso wake haukuonyesha kitu, na mimi nilikuwa nausoma kama ambavyo sikuwahi kusoma kitabu, maana shule niliiacha la pili. Nje kulikuwa na mtu anaburuta ndoo, nikatamani nitoke nikamkamate mkono anyamaze dunia nzima isikilize.

"Yupo," nesi akasema.

Watu hudhani ukiambiwa yupo unafurahi. Mimi nilikaa sakafuni, sikufurahi hata kidogo. Mpaka hapo nilikuwa nimeshajiandaa kulia. Sasa kulikuwa na mtu wa kumpoteza.

Alibaki huko siku kadhaa. Maji ya mshipani, dawa ya tumbo, na mimi kando ya kitanda na chupa ya uji. Tumbo lilipofunguka sitaeleza, ila vilitoka vigumu kama chaki na alipiga kelele wodi nzima ikanyamaza. Mwanangu alipopatikana kwenye simu alisema "nakuja," nikamwambia ukija utafanya nini, utazaa wewe? Baki huko. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya ukali, maana ya kawaida ingetetemeka.

Siku ya kuondoka nesi aliniita pembeni.

"Bibi, mtoto yuko hai, lakini damu ya mama iko chini sana. Akirudia kitu hiki, sikuahidi kitu."

"Nimemkataza."

"Ulimkataza udongo akala dari. Hamu haisikii katazo. Usimchunge yeye, ondoa vile vitu."

Tulipofika nyumbani mvua bado, ardhi bado chuma. Nikavitoa vile vipande chini ya kihenge, nikavitia kwenye magunia, nikavifungia stoo, ufunguo nikauvaa shingoni na rozari. Lakini ningefanya nini na dari yenyewe? Hiyo ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Siku moja mchana nilipita mlangoni kwake nikamkuta amelala chali, macho juu, hapepesi. Kimya kimya nikatoa stuli chumbani mwake. Nikatoa na ndoo. Nikatoa na lile sanduku alilokuja nalo, nikamwambia nalianika. Dari niliyojivunia kisimani, sasa nilikuwa naitazama kila asubuhi kona kwa kona kama mtu anayekagua ngozi ya ng'ombe mwenye kupe. Nikiona doa moyo unapasuka. Mara nyingi lilikuwa kivuli cha buibui.

Na yeye hakuwa mkorofi. Ndicho kilichonitisha zaidi. Alikula mchicha, alimeza vidonge, aliitika ndiyo mama, akikaa karibu na ukuta mkono wake ulikuwa unatembea wenyewe unapapasa plasta. Nikimwita anaushika kwa mkono wa pili, kama mtu anayemshika mtoto mtukutu.

Habari haikukaa ndani. Niliisema kanisani makusudi, nikidhani naonya watu. Nilisimama nikasema, akina mama, jipsamu siyo chakula, mkwe wangu nusura afe. Wakashika midomo, wakatikisa vichwa. Wakatoka pale, na kitu walichoondoka nacho siyo onyo. Nilisikia wawili mbele yangu njiani, mmoja ana tumbo la kuonekana.

"Eti ni laini kuliko pemba?"

"Eti haina mchanga. Inayeyuka."

Nilisimama njiani kama aliyepigwa kofi.

Hatimaye mvua ikaja, ile yenyewe, iliyonyesha mpaka vyura wakajaa uani. Kulipopambazuka nilichukua jembe, na ardhi ikalikubali. Nilichimba nyuma ya zizi, mbali na kisima kama fundi alivyosema. Nilichimba mpaka kiunoni kwangu. Lakini kufukia tu nilikuona hakutoshi. Mtu mwenye hamu atafukua. Mvua ikinyesha shimo litanukia, mkwe wangu atasimama na kanga yake amekodoa macho nyuma ya zizi. Kwa hiyo nilifanya ninavyojua mimi, mtu wa ng'ombe. Nilikusanya mavi mabichi ya zizi zima, ndoo kwa ndoo, nikamwaga majivu, nikamwaga na mkojo wa ng'ombe, nikakoroga kwa mguu. Vipande nikavimenya karatasi, nikavivunja kwa mchi, nikaanza kuvizamisha mle. Vikawa kijani. Hapo hata mwenye hamu ya namna gani angetapika.

Leo nasimulia haya, huyo aliyekuwa tumboni anavuta kitambaa cha meza na vikombe vyangu viko juu yake. Anavuta kwa nguvu, ni mtoto wa mchimbaji. Lakini siku ile ya shimo sikuyajua hayo. Woga hauna macho ya mbele.

Nilikuwa nimemaliza gunia moja, la pili limefunguliwa, nikasikia sauti ya kuku aliyetaga.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Beseni hilo linatafuta nini kwangu?"

Jirani akaliweka chini, akaangalia gunia, akaangalia shimo, akaziba pua. "Mayu wee! Unaharibu mali?"

"Naharibu uchafu."

"Bibi, sikiliza. Mnadani wananiuliza. Kila mwenye tumbo ananiuliza, una ile ya kwa Bibi? Pemba yangu wanaipita kama kokoto. Nipe gunia hilo moja. Nitaliloweka, nitaviringa, nitachoma kwenye majivu, mtu hatajua. Na mimi sitakusahau, nina mchele nimeletewa kutoka Kahama. Mchele, Bibi! Umeona mchele lini?"

Nilikuwa sijauona tangu mavuno ya mwaka uliopita. Mate yalinijia, nisiseme uongo. Nikasimama mle shimoni na mavi mpaka magotini.

"Hakuna gunia."

"Basi nusu."

"Jirani, nenda."

"Basi nipe kimoja tu Bibi, kidogo kama kucha, nikawanusishe wajue ipo kweli. Cha kunusa tu!"

"Yaya," nikamwambia, maana neno la kukataa nalisikia vizuri zaidi kwa Kisukuma. "Kwangu hakitoki kipande, hata cha kunusa."

Akanisonya, akainua beseni lake, akaondoka akisema kwa sauti ili nisikie kwamba uzee ni ugonjwa. Nikainama kuendelea. Nilipoinua kichwa, mkwe wangu alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi.

Sijui alisimama hapo tangu lini. Mvua ilikuwa imeanza tena, manyunyu, na gunia lilikuwa wazi, na hata mimi na pua yangu iliyojaa mavi niliisikia ile harufu, ya njia ya vumbi iliyonyeshewa. Nzuri, kwa kweli. Nzuri sana. Akapiga magoti palepale kwenye tope, kwa adabu, kama anavyonisalimia asubuhi. Kanga ilitikisika tumboni mwake, mtoto alikuwa amepiga teke, na yeye wala hakulishika tumbo. Macho yalikuwa kwenye gunia.

"Mama," akasema, na ndiyo mara ya kwanza na ya pekee kuniomba kitu tangu aolewe kwetu. "Sitakula. Nipe kimoja tu, nikae nacho mkononi. Cha kunusa."

Ningempa ng'ombe. Ningempa dari nzima na bati lake tukalala nje. Nikauweka mchi ukingoni mwa shimo. Nikalibeba lile gunia kifuani, nikaligeuza mdomo chini, vipande vyote vikaingia kwenye mavi, nami nikamwangalia machoni.

"Yaya. Kwangu hakitoki kipande, hata cha kunusa."